Kahawa Inayorudi Deleni

(Hotuba ya mwalimu mlezi wa chama cha filamu cha wanafunzi, aliyoitoa uwanja wa Mkunguni, Lamu, baada ya sala ya Isha, kabla ya video ya wanafunzi kuonyeshwa.)

Assalamu aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi wanangu mliojipanga mbele juu ya majamvi: ahsanteni kwa kuitika. Shuka nyeupe mnayoiona tumeitundika kwenye ukuta wa ngome. Ngome hii ilianza kujengwa 1813, ikamalizika 1821, na baadaye ikawa gereza mpaka 1984. Wapo hapa wanaokumbuka kuupita ukuta huu upesi, bila kuinua macho. Leo watoto wenu wataonyesha kazi yao juu yake, na furaha niliyo nayo kwa hilo siwezi kuieleza ikaisha.

Lakini kwanza nina deni. Miezi saba iliyopita tuliwaita wazazi kuwaeleza tunachokusudia kufanya. Mzee mmoja akasimama nyuma akaniuliza: "Mwalimu, watoto hawa wana mji wao, wana mashairi yao, wana bahari yao. Mbona wawafunza kuiga video ya Wazungu?" Nilibabaika. Nikataja mashindano ya shule, nikataja ajira kwa vijana, nikakaa. Lile halikuwa jibu, na yeye alijua, ila kwa adabu yake akaninyamazia. Namwona pale chini ya mkungu. Mzee wangu, nimekuja kulipa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wanafunzi kumi na wawili walitakiwa kuchagua video moja ya muziki iliyokwisha kutengenezwa na watu wengine, waitengeneze upya hapa Amu, shoti kwa shoti. Wakachagua ya wimbo The Scientist wa kundi la Coldplay la Uingereza, video aliyoiongoza Jamie Thraves, ambayo mwaka 2003 ilipata tuzo tatu za MTV, mojawapo ikiwa ya uongozaji. Ndani yake kila kitu kinakwenda nyuma. Mwimbaji, Chris Martin, amelala juu ya godoro. Anainuka, anarudi kinyumenyume mtaa baada ya mtaa, mpaka msituni, kwenye gari lililopata ajali. Hapo msichana aliyetupwa nje kupitia kioo cha mbele anarudi kitini mwake, kioo kinajiunga, gari linapanda lilikotoka, nao wawili wako barabarani wazima. Ndipo mtazamaji anapojua kisa. Chanzo kinakuja mwisho. Na katika yote hayo midomo ya mwimbaji inatamka maneno ya wimbo sawasawa, neno kwa neno, kama mtu aliyesimama jukwaani. Ili kulipata hilo alikariri wimbo mzima kinyumenyume, sauti kwa sauti, kazi iliyomchukua karibu mwezi.

Watoto waliitazama video ile labda mara hamsini. Ungemwamsha yeyote usiku wa manane angekuhadithia. Basi tukatoka na simu mbili na kamera moja ya kuazima, tukamsimamisha mwimbaji wetu kwenye Usita wa Mui, njia kuu ya mji, tukamwambia: haya, tembea kinyumenyume. Akatembea, kisogo mbele, anagonga kuta, punda wanampisha. Mzee mmoja aliyekaa barazani akamwonea huruma, akamwambia kwa Kiamu safi: "Mwanangu, ndia haipitwi kwa kisogo."

Tuliporudi darasani tukaigeuza ile picha kwenye kompyuta. Mwimbaji wetu akawa anakwenda mbele, mikono inapepea, kama mtu aliyetumwa sokoni, na mji wote umerudi nyuma: punda, watoto, mama na kapu lake. Tulikuwa tumeigeuza picha ya mtu ambaye tayari amejigeuza, na kinyume cha kinyume ni mbele. Alitakiwa atembee kama kawaida yake, mbele, macho njiani, ila aimbe nyuma. Mzee wa barazani alikuwa amesema kweli, na sisi tuliotazama mara hamsini hatukuwa tumeona.

Hilo ndilo jibu langu la kwanza, mzee wangu. Nilidhani nawafunza kuiga, kumbe nilikuwa nawafunza kuona. Kitu ukikitazama tu, jicho linateleza juu yake. Ukilazimika kukitengeneza, kila unapokosea unajua pale ndipo ulipokuwa umeteleza.

La pili ni la kwetu kabisa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, niruhusuni nirudi nyumbani. Washairi wetu wana kazi inaitwa takhmisi. Mtunzi anauchukua utungo wa mwenzake, pengine wa mtu aliyekufa zamani, na mishororo miwili ya mwenzake anaitangulizia mitatu yake, ubeti unakuwa wa mitano. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, yule yule wa Al-Inkishafi, aliufanyia hivyo utungo unaonasibishwa na Fumo Liyongo. Sijapata kusikia mtu aliyemwita mwizi. Tena ni kazi ngumu kuliko kutunga upya, kwa sababu mitatu yako haina budi ilingane kwa vina na mizani na ile uliyoikuta, na wasikilizaji wote wanaijua ile uliyoikuta. Ukilegea unaonekana.

Tena nendeni kwa mafundi wetu wa milango. Mwanagenzi hapewi ubao akaambiwa abuni. Anapewa nakshi ya fundi wake aifuate kwa patasi, ua kwa ua, mpaka mkono ujue kwa nini jani linapinda pale na si hapa. Na Juma Bhalo, ambaye mama zangu hapa mnazijua nyimbo zake kwa moyo, ni mara ngapi alichukua mahadhi ya filamu ya Kihindi akayapandisha maneno ya Kimvita, na leo ukiyasikia mahadhi yale unayaona ni ya Mombasa?

Wala hao tuliowaiga hawakuanza wao. Miaka ya katikati ya 1990 kundi la The Pharcyde la Los Angeles, na mwongozaji Spike Jonze, walikwisha kutengeneza video ya watu wanaoimba kinyumenyume. Na miaka mia moja kabla yao, 1896, Louis Lumière wa Ufaransa alipiga picha wafanyakazi wakibomoa ukuta, kisha ile filamu ikaonyeshwa kwa kurudishwa nyuma: vumbi likakusanyika, ukuta ukasimama. Watu walistaajabu, na wamekuwa wakipokezana ule mshangao tangu hapo. Umefika Amu, nasi tumeutangulizia mishororo yetu mitatu.

Sasa nataka niwaonyeshe kazi ilivyokuwa, maana kuna mambo hapa yanastahili kusikiwa na mama aliyekuwa akimsikia mwanawe chooni anaimba maneno yasiyo ya lugha yoyote duniani akadhani amepagawa.

Wimbo mtakaousikia si ule wa Waingereza. Wa kwao ni mali yao, na kuuweka juu ya picha zetu na kuzitangaza kunataka ruhusa ambayo hatuna. Huu ameutunga mwanafunzi wetu mwenyewe, umepigwa kwa udi na dumbaki. Kiitikio chake ni maneno mawili tu: nirudishe nyumbani.

Mnakumbuka bibi zetu walivyokuwa wakisema kinyume mbele yetu, pale walipotaka tusielewe? Silabi ya mwisho inatangulizwa. Nyumba ikawa mbanyu. Watoto waliposikia wataimba nyuma, mmoja akaruka: "Mwalimu, hii si kinyume cha bibi?" Nikafurahi, nikasema ndiyo. Tukafanya zoezi kwa kinyume cha bibi: shenirudi ninyumba. Tukaipiga picha, tukaigeuza, ikawa uji. Kumbe mashine haijui silabi. Bibi anahamisha silabi nzima, lakini ndani ya silabi konsonanti bado imetangulia na vokali imefuata. Mashine inaanza mwisho kabisa wa pumzi na kurudi, sauti moja moja. Nirudishe nyumbani kwa mashine ni inabmuny eshidurin. Jaribuni wenyewe. Ulimi wa Mswahili umezoea kumaliza neno kwa vokali, mlango ukabaki wazi. Hapa kila neno linafungwa kwa nguvu, nao mwanzo wa neno ni vokali inayotoka pasipo na kitu cha kuisukuma.

Mwimbaji wetu alikaa nayo wiki tano. Tuliurekodi wimbo, tukaugeuza, tukampa kwenye simu. Alikuwa akisikiliza kipande cha sekunde nne, anakiandika kwa herufi kama anavyokisikia, anakisoma, anakirudia. Na katika kurudia akagundua jambo ambalo sikumfunza mimi: mtazamaji hasomi sauti zote kwenye midomo. Anasoma zile za kufunga midomo, m, b, p, na zile za meno juu ya mdomo, f na v, na mviringo wa o na u. Ndani ya kiitikio chetu chote midomo inafungana mara moja tu, kwenye mb ya nyumbani. Ukiipata mb pale pale inapotakiwa, hata ukiteleza kwenye d na sh, jicho linakusamehe. Ukiikosa, hakuna linalokuokoa. Basi akawa anautafuta wimbo mzima kwa milango yake, wapi midomo inafungwa, wapi inafunguka, na hayo mengine akayafuatisha. Kijana wa kidato cha tatu! Mimi nimefundisha fonetiki ya Kiswahili miaka mingi, na siku ile nilikaa nikamsikiliza yeye.

Jambo jingine dogo. Tulizoea kupiga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni mwa kila kipande, ili mhariri aoanishe sauti na picha. Kwenye kazi hii mwanzo ndio mwisho, kwa hiyo tukapiga makofi mawili, mwanzo na mwisho, na spika ya kumpigia mwimbaji ule wimbo uliogeuzwa ikawa inabebwa na mtoto anayetembea nyuma ya kamera. Taa za mgahawani nazo zilitusumbua siku moja, picha inapepesa kama mshumaa, mpaka tulipokumbuka kwamba umeme wetu ni wa hezi 50, tukaiweka kamera kwenye fremu 25 kwa sekunde, ikatulia.

Naja kwenye jambo zito.

Tulikuwa na shoti moja ndefu, dakika mbili bila kukata, kutoka mtaa wa Mkomani kuteremka mpaka ufukweni. Katika mji wenye misikiti zaidi ya 20 unapanga kazi baina ya adhana na adhana, na jua nalo linaingia ndani ya vichochoro vyetu muda mfupi tu, linapokuwa utosini. Tulijaribu mara kumi na moja. Punda alisimama katikati, mtoto alichungulia kamera, mwimbaji alipotea katikati ya ubeti. Ya kumi na moja ikatimia. Watoto walikumbatiana. Jioni ile mama mmoja akabisha mlangoni kwangu, mpole, akasema: "Mwalimu, nimeambiwa nimo kwenye picha yenu. Nilifungua mlango kuchukua maji, sikuwa nimejistiri. Sitaki." Ilikuwa nusu sekunde. Mpiga picha wetu, msichana wa miaka kumi na sita, aliileta kamera akamwonyesha, kisha akaifuta mbele yake, na hakuwa amebaki na nakala. Hakuniangalia mimi kwanza kuniomba ruhusa. Ilituchukua siku mbili zaidi kuipata tena, na tangu hapo kabla ya kila kipande alikuwa akipita nyumba kwa nyumba akibisha hodi. Kamera nzuri zinauzwa. Huyu msichana mmemlea nyinyi, na nawashukuru.

Halafu lile gari.

Mji wetu mkongwe haupitwi na magari, na video ya watu imejengwa juu ya ajali ya gari. Wengine walisema twende bara tukaazime gari. Wengine wakasema tuweke punda, na tulicheka, lakini punda hajabeba uzito wa kisa kile. Tukarudi kwenye video, safari hii kwa kuuliza: gari lile linafanya kazi gani mle ndani? Ni chombo ambacho mtu anaendesha na mtu mwingine amemwamini. Basi. Na sisi Waamu tunajua chombo gani mtu hupanda akamwamini mwenzake. Hakuna nyumba hapa isiyo na mtu baharini, na zipo ambazo mtu wao hakurudi. Sitasema zaidi, wenyewe mpo.

Kwa hiyo ikawa mashua. Na hatukuweka wapenzi, tuliweka ndugu wawili, kaka na dada yake mdogo, kwa kuwa mapenzi hayo tunayajua bila kufafanuliwa.

Vipande vya maji tulivipiga ufukweni, mashua imetia nanga, maji magotini, manahodha wawili na wazazi wako kando. Hapo bahari ikatufunza kazi yake. Leo umepiga picha maji yakiwa kwenye mstari ule wa mwamba. Kesho ukija saa ile ile, maji hayako pale, yamechelewa kiasi cha dakika 50. Ukija wiki nyingine, yale yaliyokuwa maji mafu yamekuwa bamvua, yamepanda na kushuka mpaka ufuo wote umebadilika. Mhariri akiviunganisha vipande hivyo, bahari inarukaruka nyuma ya mtu. Mvuvi mmoja alituona tunahangaika, akatuuliza mwezi ni wa ngapi. Hatukujua. Akaketi na watoto akawahesabia kwa vidole, mwezi mwandamo, mwezi mpevu, lini maji yatakuwa pale pale tunapoyataka. Ratiba yetu yote ya upigaji picha ikaandikwa upya kwa tarehe za mwezi. Alichotupa mvuvi yule hakimo katika mafunzo yoyote ya kamera niliyoyaona.

Dada katika kisa anaanguka majini na leso yake. Leso kavu ni kavu mara moja tu, mara ya pili imekwisha kulowa, kwa hiyo akina mama watatu walitutolea leso za jina moja na rangi moja. Zipo hapa, mnaziona kiunoni mwa wenyewe sasa hivi.

Na sasa niwaambie kilichotokea usiku wa kuhariri, kisha nawaachia.

Tulipanga kwamba chanzo cha msiba kiwe kitu kidogo, kitu ambacho kila mtu hapa amepata kukifanya. Joto kali, dada anasema jaketi la kuokoa maisha linambana, kaka anacheka, anamfungulia vifungo, analivua, analitupa omo, mbele ya chombo. Sekunde sita. Tukaipiga hivyo, mchana, hakuna aliyehisi kitu. Usiku mhariri akaigeuza. Jaketi likainuka lenyewe kutoka omo, likaruka likaingia mkononi mwa kaka, naye akamvisha dada yake, taratibu, akamfunga kifungo cha juu, cha kati, cha chini.

Tulikuwa sita ndani ya chumba kile. Hakuna aliyesema neno. Mkono ule ule, kijana yule yule, tendo tulilolipiga wenyewe saa tisa mchana, na lilikuwa limegeuka jambo ambalo kila aliyepoteza mtu angetoa chochote alicho nacho apate kulifanya. Mhariri wetu alitoka nje akakaa kwenye daka. Aliporudi akasema: "Mwalimu, sasa ndiyo nimejua kwa nini wale waliigeuza."

Mzee wangu, hapo ndipo jibu langu lilipokamilika. Mtoto yule asingalifika pale kwa kuhadithiwa. Ilibidi apite nyuma ya watu wengine, aweke mguu walipoweka, mpaka afike mahali ambapo gari lao halina njia, aingie baharini kwake.

Video ni ya dakika nne. Nawaomba mambo mawili tu. Mtakapoona muuza kahawa, mtazameni vizuri, msiharakie mwimbaji: kahawa inainuka kutoka kikombeni, inasimama wima kama uzi mweusi, inaingia kwenye mdomo wa dele bila kumwagika hata tone, na moshi wa udi wa jirani yake unashuka kurudi chetezoni. Kipande hicho amekipiga mtoto wa darasa la nane kwa simu ya mamake. Na la pili, mwimbaji wetu yuko hapa, ana haya, akipita msimwombe aimbe nyuma leo. Mwacheni apumue.

Pale mbele pana kiti kimoja hakijakaliwa, tumekiweka makusudi. Mzee wangu wa chini ya mkungu, ni chako, tafadhali njoo. Wanangu, mpisheni babu yenu apite. Haya, zimeni taa.